Upana wa Jino: Kukata Plaiwudi kwa Usahihi kwa Msumeno wa Duara

Bamba la plaiwudi ni mali katika karakana yoyote. Kwa kawaida lina ukubwa wa futi 4 kwa futi 8, yaani milimita 1220 kwa milimita 2440, na fundi hutazamia kupata humo mbavu za kabati, rafu zake na milango yake. Mkato wa kwanza ukienda kombo, hasara haiishii hapo. Kila kipande kitakachopimwa kuanzia kwenye ukingo huo kitarithi kosa lile lile, na mwisho wake ni kabati lisilosimama wima na mlango usiofunga. Zaidi ya hayo, chombo chenyewe hakina huruma: msumeno wa duara uendeshwao kwa umeme hukata kidole upesi kuliko ukatavyo mbao.

Wanafunzi wa ufundi mara nyingi huambiwa kwamba usahihi ni matunda ya mkono uliozoea. Mazoea yana nafasi yake, lakini hayatoshi. Unyofu wa mkato, ulaini wa kingo zake na usalama wa mkataji huamuliwa zaidi na mambo matano yanayotayarishwa kabla ya mota kuwashwa: aina ya meno ya bledi, upande wa bamba unaotazama juu, kina cha bledi, ubao unaouongoza msumeno, na namna bamba lilivyoegemezwa. Kila moja kati ya hayo lina sababu inayoeleweka kwa hesabu na fizikia ya shule ya sekondari.

PLAIWUDI NI NINI

Plaiwudi ni matabaka membamba ya mbao, yaitwayo vinia, yaliyounganishwa kwa gundi. Gogo lililolainishwa kwa maji ya moto au kwa mvuke hufungwa kwenye mashine na kuzungushwa mbele ya kisu kirefu, nalo humenywa kama vile muuza machungwa anavyomenya chungwa kwa ganda moja refu lisilokatika. Utando huo mrefu hukatwa vipande, hukaushwa, hupakwa gundi, kisha hupangwa kwa namna ambayo nyuzinyuzi za kila tabaka zinakingamana kwa pembe mraba na nyuzinyuzi za tabaka jirani. Mwisho wote hubanwa kwa mashine yenye joto. Idadi ya matabaka kwa kawaida huwa witiri, yaani 3, 5, 7 au zaidi, ili pande mbili za bamba zilingane nguvu na bamba lisijipinde.

Wazo hili ni la kale. Katika piramidi ya ngazi ya Saqqara nchini Misri, iliyojengwa yapata miaka 4,600 iliyopita, lilipatikana jeneza lililotengenezwa kwa matabaka sita ya mbao. Katika zama za viwanda, John K. Mayo wa New York alipewa hataza ya mbao za matabaka yanayokingamana mwaka 1865. Katika Afrika Mashariki, viwanda vya plaiwudi vimekuwapo kwa miaka mingi katika mji wa Eldoret nchini Kenya. Misonobari na mikaratusi, ambayo ni miongoni mwa miti itumikayo duniani kwa kazi hii, imepandwa kwa wingi katika nyanda za juu, kwa mfano katika msitu wa Sao Hill wilayani Mufindi, Tanzania.

Faida ya kukinganisha matabaka yatokana na tabia ya mbao yenyewe. Mbao mbichi inapokauka, upana wake hupungua kwa asilimia kadhaa, ilhali urefu wake, kwa kufuata nyuzinyuzi, hupungua kwa kiasi cha asilimia 0.1 hadi 0.2 tu. Katika plaiwudi, tabaka linalotaka kusinyaa kwa upana huzuiwa na jirani yake asiyesinyaa kwa urefu. Ndiyo maana bamba pana la plaiwudi hubaki na vipimo vyake, wakati ubao wa kawaida wa upana huo huo ungepasuka au kupinda.

Lakini faida hiyo humletea mkataji mashaka mawili. Kwanza, kwa vyovyote atakavyoligeuza bamba, karibu nusu ya matabaka hukatwa kwa kukingama na nyuzinyuzi, na huo ndio mkato unaochana mbao. Pili, gundi iliyokauka katikati ya matabaka ni ngumu kuliko mbao, nayo hudhoofisha makali ya msumeno upesi.

MSUMENO NA MENO YAKE

Misumeno ya duara ilianza kujulikana Uingereza katika karne ya 18, na Samuel Miller wa Southampton alipewa hataza inayoutaja msumeno wa namna hiyo mwaka 1777. Msumeno wa umeme wa kushikwa mkononi ulikuja baadaye sana. Katika miaka ya 1920 Edmond Michel, nchini Marekani, aliunda chombo cha mota cha kukatia miwa badala ya panga, na kutokana na jaribio hilo ukapatikana msumeno wa mkononi unaofahamika leo.

Bledi ya msumeno wa mkononi mara nyingi ina kipenyo cha milimita 190 hivi, na mota nyingi huizungusha karibu mara 5,000 kwa dakika. Mzingo wa bledi hiyo ni 3.14 mara 190, yaani milimita 597. Kwa hiyo ncha ya jino husafiri meta 2,985 kila dakika, ambazo ni karibu meta 50 kwa sekunde, au kilometa 179 kwa saa. Hakuna gari linaloruhusiwa kwenda kwa mwendo huo katika barabara zetu. Kwa kasi kama hiyo, kila kosa dogo la matayarisho huwa kubwa.

Meno hutofautiana kwa idadi na kwa umbo. Bledi yenye meno machache, kama 24, yaliyonolewa bapa, imekusudiwa kupasua ubao kwa kufuata nyuzinyuzi zake. Kila jino hutoa tonge kubwa, na nafasi pana iliyo mbele yake hubeba unga nje ya mkato. Plaiwudi huhitaji meno mengi zaidi, kuanzia 40 hadi 60 kwa bledi ya kipenyo hicho, nayo yawe yamenolewa mshazari: moja likiinamia kulia, la pili kushoto. Ncha hizo za mshazari hufanya kazi kama visu viwili vinavyotangulia kukata nyuzinyuzi katika pande mbili za mkato kabla mbao iliyo katikati haijaondolewa. Kwa sababu ya ugumu wa gundi, ncha za meno zinazofaa ni zile za kabidi ya tungsteni, kwa kuwa hudumu na makali kwa muda mrefu kuliko chuma cha pua.

Jambo moja zaidi ni la kuangaliwa. Ncha ya jino ni pana kuliko bamba la bledi lenyewe, ili bledi isisuguane na kuta za mkato. Kwa hiyo upana wa mwanya unaoachwa na msumeno ni upana wa jino, wala si unene wa bledi. Bledi yenye unene wa milimita 1.6 inaweza kuacha mwanya wa milimita 2.5.

KWA NINI UPANDE MMOJA HUCHANIKA

Mtu akikata kitambaa, nyuzi zilizo katikati hushikwa na jirani zake, bali zile za ukingoni hukosa cha kuzishika, zikafumuka. Mbao nayo ina tabia hiyo. Jino linapoingia katika bamba, huzisukuma nyuzinyuzi ndani, nazo huegemea mbao iliyo nyuma yake, zikakatika vizuri. Jino linapotoka upande wa pili, nyuzinyuzi za mwisho hazina kitu nyuma yake, na badala ya kukatika hubanduka na kuacha vibanzi.

Kanuni basi ni hii: upande utakaochanika ni ule ambao meno hutokea. Katika msumeno wa duara wa mkononi, bledi huzunguka kwa namna ambayo meno ya mbele huingia chini ya bamba na kutokea juu. Kwa hiyo uso mzuri wa bamba hulazwa chini. Katika msumeno wa duara uliofungwa mezani, ambapo meno ya mbele hushuka kutoka juu, uso mzuri hutazama juu. Msumeno wa kawaida wa mkono nao hukata unaposukumwa chini, hivyo uso mzuri huwa juu. Fundi aliyehama kutoka msumeno wa mkono kwenda msumeno wa umeme bila kuijua kanuni hii huharibu uso ule ule anaotaka kuuhifadhi.

Zipo njia za kupunguza madhara katika upande wa kutokea. Ya kwanza ni kuukata mstari kwa kisu kikali na rula ya chuma kabla ya kupitisha msumeno, ili nyuzinyuzi za juu ziwe zimekwisha tenganishwa. Ya pili ni kubandika utepe wa karatasi wenye gundi juu ya mstari. Ya tatu, iliyo bora, ni kuukandamiza uso huo kwa ubao mwingine uliogusana kabisa na njia ya meno, kama itakavyoelezwa mbele.

KINA CHA BLEDI

Wako wanaoshusha bledi yote kwa kudhani kwamba bledi iliyotokeza zaidi hukata vizuri zaidi. Jiometri yaonyesha kinyume chake.

Jino husafiri kwa kufuata duara, na mwelekeo wake wakati wote huwa pembe mraba na nusu kipenyo kinachofika kwenye jino hilo. Kwa hiyo pembe kati ya njia ya jino na uso wa bamba, mahali jino linapotokea, ni sawa na pembe kati ya nusu kipenyo hicho na mstari wa wima. Kosaini ya pembe hiyo hupatikana kwa kugawanya kimo cha mhimili juu ya uso wa bamba kwa nusu kipenyo cha bledi.

Ichukuliwe bledi yenye nusu kipenyo cha milimita 95 na bamba lenye unene wa milimita 18. Bledi ikitokeza milimita 6 tu chini ya bamba, kina chake chote ni milimita 24, na mhimili uko milimita 71 juu ya uso. Kosaini ni 71 kwa 95, yaani 0.747, na pembe ni digrii 42 hivi. Bledi ikishushwa hadi kina cha milimita 65, mhimili hubaki milimita 30 tu juu ya uso. Kosaini huwa 0.316, na pembe hupanda hadi digrii 72 hivi. Katika hali ya kwanza jino hutoka likiwa limelala, likizikata nyuzinyuzi kwa mshazari. Katika hali ya pili hutoka karibu wima na kuzing'oa kwenda juu.

Hivyo kina kinachofaa ni unene wa bamba pamoja na milimita 3 hadi 6. Kina hicho pia ni salama zaidi, kwa maana sehemu ya bledi inayozunguka wazi chini ya bamba, mahali macho yasipoona, huwa ndogo kabisa.

HESABU YA MWANYA

Msumeno haugawanyi mbao tu, bali huila. Mwanya wa milimita 2.5 ni mbao iliyogeuka unga, na hesabu isiyouhesabu unga huo haiwezi kutimia.

Ichukuliwe kwamba rafu 8 zilizo sawa zatakiwa kutoka katika urefu wa milimita 2440. Mtu asiyekumbuka mwanya atagawanya 2440 kwa 8, apate milimita 305, kisha achore mistari 7 kwenye milimita 305, 610, 915 na kuendelea. Akipitisha katikati ya bledi juu ya kila mstari, kila mkato utachukua milimita 1.25 kutoka upande huu na 1.25 kutoka upande ule. Rafu 6 za katikati, zilizokatwa pande mbili, zitakuwa na milimita 302.5. Rafu 2 za mwisho, zilizokatwa upande mmoja tu, zitakuwa na milimita 303.75. Hakuna hata moja yenye milimita 305, wala zote hazilingani.

Hesabu iliyo sahihi huanza kwa kuondoa unga. Mikato 7 ya milimita 2.5 ni milimita 17.5. Zinazobaki ni 2422.5, ambazo zikigawanywa kwa 8 hutoa milimita 302.8 kwa kila rafu. Ikiwa rafu hazina budi kuwa na milimita 305, basi zitapatikana 7 tu, na jambo hilo yafaa lijulikane wakati wa kuchora, kabla pesa za bamba hazijapotea.

Kutokana na hesabu hiyo huja desturi mbili za fundi mwangalifu. Mosi, mstari huchorwa, kisha upande wa mabaki hutiwa alama ya msalaba, na bledi hupitishwa upande wenye alama, ubavu wa meno ukigusa mstari tu. Pili, mistari yote haichorwi kwa pamoja. Kila kipande hupimwa upya baada ya kile kilichotangulia kukatwa.

UNYOFU NA PEMBE MRABA

Mkato hauwezi kuwa mnyofu kuliko kifaa kilichouongoza. Kabla ya kutumia rula ndefu au ubao kama kiongozi, unyofu wake hauna budi kujaribiwa. Njia ni rahisi. Mstari mwembamba huchorwa kwa kufuata ukingo wa rula juu ya bamba. Kisha rula hupinduliwa upande wa pili wa mstari, ncha zake zikiwa mahali pale pale, na mstari wa pili huchorwa kwa ukingo ule ule. Mistari hiyo ikilala pamoja, ukingo ni mnyofu. Ikiachana, nafasi iliyo kati yake ni mara mbili ya kosa la ukingo.

Pembe mraba nayo yataka uangalifu. Skwea ndogo ya fundi yenye mkono wa milimita 300, ikiwa na kosa la nusu milimita tu, haionekani kuwa na kasoro. Lakini mstari wake ukirefushwa kuvuka bamba lote la milimita 1220, kosa hukua hadi milimita 2. Afadhali kuzipima pembe kwa umbali mkubwa. Kanuni ya Pithagorasi huonyesha kwamba ulalo wa bamba la milimita 1220 kwa 2440 lililo sawa ni milimita 2728. Nyalo mbili zikipimwa na kutofautiana, bamba si mstatili kamili, hata kama limetoka kiwandani. Kwa kusimamisha mstari wa pembe mraba, uwiano wa 3, 4 na 5 hutosha: milimita 900 upande mmoja, 1200 upande wa pili, na kati ya ncha zake 1500.

Bledi yenyewe nayo hukaguliwa kama imesimama wima juu ya kitako cha msumeno, plagi ikiwa imechomolewa. Ikiinama digrii 2 tu, ukingo wa bamba la milimita 18 utakuwa na tofauti ya milimita 0.6 kati ya uso wa juu na wa chini, na kiungo hakitafunga.

UBAO WA KUONGOZEA

Jicho na mkono haviwezi kufuata mstari wa meta mbili bila kuyumba. Msumeno hauna budi kuegemezwa kwenye kitu kinyofu kilichobanwa kwa klampu. Njia ya kwanza ni kubana ubao mnyofu sambamba na mstari, kwa umbali ulio sawa na ule ulioko kati ya ukingo wa kitako cha msumeno na ubavu wa meno. Umbali huo hupimwa kwa kukata kipande cha majaribio, wala si kwa kukisia.

Njia ya pili huondoa kipimo hicho kabisa. Kipande kirefu cha plaiwudi ya milimita 6, chenye upana wa milimita 350 hivi, hutwaliwa kuwa msingi. Juu yake hugundishwa ubao mwembamba ulio mnyofu, ukiacha upande mmoja nafasi iliyo pana kidogo kuliko inavyohitajiwa na kitako cha msumeno. Gundi ikikauka, msumeno hupitishwa mara moja juu ya msingi huo, kitako kikiwa kimeegemea ubao, na sehemu iliyozidi huanguka. Tangu hapo ukingo wa msingi ni njia ya meno yenyewe. Kwa kila mkato unaofuata, ukingo huo hulazwa juu ya mstari, upande wa kipande kinachotakiwa, klampu hukazwa, na msumeno hupita.

Ubao huo hutenda kazi mbili kwa pamoja. Huuongoza msumeno, na tena huukandamiza uso wa bamba hadi kwenye meno, hata nyuzinyuzi zinazotaka kubanduka hukosa nafasi. Vibanzi vitakavyotokea vitakuwa upande wa mabaki tu. Mambo mawili yakumbukwe: kina cha bledi huongezwa milimita 6 za msingi, na ubao huo ni wa msumeno ule na bledi ile iliyoukata. Bledi ikibadilishwa kwa nyingine yenye meno mapana zaidi, ukingo si kweli tena.

MWENDO WA KUSUKUMA

Methali isemayo haraka haraka haina baraka ni ya kweli hapa, lakini taratibu iliyopita kiasi nayo ina hasara yake. Bledi ya meno 24 ikizunguka mara 5,000 kwa dakika, meno 120,000 hupita katika mbao kila dakika. Msumeno ukisukumwa meta 3 kwa dakika, kila jino hupata tonge la milimita 0.025. Kwa bledi ya meno 60, tonge hilo hupungua hadi milimita 0.01, ambalo ni jembamba kuliko unywele. Mwendo ukipunguzwa zaidi, meno huacha kukata na kuanza kusugua. Msuguano huleta joto, na kingo huungua zikawa nyeusi. Mwendo ukizidishwa, mota hulemewa na vibanzi huongezeka. Mlio wa mota ndio kipimo kizuri: ukiwa wa namna moja tangu mwanzo hadi mwisho, mwendo unafaa.

Waya mrefu na mwembamba wa kuunganishia umeme nao huharibu mkato. Msumeno wa wati 1,200 kwenye volti 230 huchukua zaidi ya ampea 5, na sehemu ya volti hupotea katika ukinzani wa waya. Mota hudhoofika hasa pale inapohitaji nguvu.

KUEGEMEZA BAMBA NA TEKE LA MSUMENO

Bamba la milimita 18 lina mjao wa karibu meta za ujazo 0.054. Ikiwa uzito wake ni kilo 600 kwa kila meta ya ujazo, kama ilivyo kwa plaiwudi nyingi, bamba zima lina kilo 32. Likiegemezwa kwenye ncha mbili tu na kukatwa katikati, uzito huo huliinamisha; kingo za juu za mkato husogeleana na kuibana bledi.

Hapo ndipo huja hatari kubwa kuliko zote. Meno ya chini ya bledi husafiri kuelekea mbele, yakiisukuma mbao mbele. Kwa kanuni ya tatu ya Newton, mbao nayo huusukuma msumeno nyuma. Katika mkato wa kawaida kani hiyo ni ndogo na mkono huishinda. Bledi ikibanwa, nguvu yote ya mota na ya bledi inayozunguka hugeuka kuwa teke: msumeno huruka juu na kurudi nyuma kumwelekea aliyeushika, bledi ikiwa bado inazunguka.

Kinga yake ni kuegemeza bamba pande zote mbili za mkato. Miti minne iliyolazwa juu ya meza au sakafuni, miwili kila upande wa mstari, hutosha, ili vipande vyote viwili vibaki mahali pake baada ya kutengana. Mkataji husimama kando ya njia ya msumeno, wala si nyuma yake moja kwa moja. Msumeno ukianza kubanwa, swichi huachwa mara moja na msumeno haunyanyuliwi hadi bledi isimame. Kinga ya bledi inayojifunga yenyewe haifungwi kwa waya wala kwa kigingi kwa sababu yoyote ile. Plagi huchomolewa kabla ya kubadilisha bledi au kurekebisha kina. Mikono mirefu ya nguo hukunjwa, nywele na vitambaa hufungwa, na miwani ya kinga huvaliwa.

Masikio na mapafu yasisahauliwe. Kelele za msumeno wa duara huweza kufikia desibeli 100, na kuzisikia siku kwa siku bila kinga hupunguza uwezo wa kusikia polepole, bila maumivu ya kumwonya mtu. Unga wa mbao nao si uchafu tu: mwaka 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliuweka miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Gundi nyingi za plaiwudi zina fomaldehaidi, ambayo shirika hilo pia limeiweka katika kundi hilo. Kazi hii basi hufanywa nje au penye hewa ya kutosha, pua na mdomo vikiwa vimefunikwa kwa kinga ya vumbi, na unga hukusanywa ukiwa umenyunyiziwa maji, wala haupeperushwi kwa ufagio mkavu.

Ni dhahiri kwamba yote yaliyoelezwa hapa huchukua muda mrefu kuliko mkato wenyewe. Kupima nyalo, kujaribu rula, kugeuza uso mzuri chini, kurekebisha kina na kupanga miti ya kuegemeza kwaweza kuchukua robo saa. Msumeno hupita kwa dakika moja. Lakini dakika hiyo haina marekebisho. Mstari uliochorwa vibaya hufutwa kwa kifutio, bali mbao iliyogeuka unga hairudi kuwa mbao.

MAZOEZI

1. Vipande vyenye upana wa milimita 150 vyatakiwa kutoka katika bamba lenye upana wa milimita 1220. Je, vitapatikana vingapi ikiwa mwanya wa msumeno ni milimita 3? Na ikiwa ni milimita 2.5?

2. Bledi yenye nusu kipenyo cha milimita 95 inakata bamba la milimita 12, ikitokeza milimita 5 chini yake. Jino linatokea kwa pembe gani na uso wa bamba?

3. Katika mabaki ya plaiwudi, mwanafunzi akate kwa msumeno wa mkono mstari mmoja sambamba na nyuzinyuzi za uso na mwingine unaozikingama. Ahesabu vibanzi katika uso wa juu na wa chini wa kila mkato, kisha aeleze tofauti aliyoiona.

Majibu. (1) Kwa mwanya wa milimita 3, vipande 8 na mikato 7 vyahitaji milimita 1221. Bamba limepungukiwa milimita 1, hivyo vitapatikana 7 tu. Kwa mwanya wa milimita 2.5 vyahitajika milimita 1217.5, na vipande 8 hupatikana. (2) Mhimili uko milimita 78 juu ya uso. Kosaini ni 0.821, na pembe ni digrii 35 hivi. (3) Vibanzi vingi zaidi hutazamiwa katika uso wa chini, na hasa katika mkato unaokingama, kwa sababu huko ndiko meno hutokea na nyuzinyuzi hazina cha kuziegemeza.